Usipumue

Sipendi paka. Naomba hilo lieleweke mapema, kabla mtu hajaona picha zilizojaa ukutani kwangu akadhani mimi ni wale wanaobusu wanyama mdomoni. Mimi ni mfugaji wa kuku, na mfugaji wa kuku humtazama paka kwa jicho la pembeni, hasa vifaranga wakiwa uani. Picha zote hizo ni za dada yangu, isipokuwa mbili. Paka nao walikuwa wake, ingawa watatu walizaliwa ndani ya kapu langu la mayai bila mtu kuniomba ruhusa.

Dada alikuwa mpiga picha. Tangu ujana wake alikuwa na studio mjini, chumba kimoja chenye pazia la bluu, benchi la wateja, na kioo kidogo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisiende na mtu. Watu walikwenda kwake kupiga picha za pasi, picha za harusi, na picha za watoto waliovalishwa viatu vya kukua navyo. Akishakuinua kidevu kwa kidole kimoja na kukunyoosha mabega, alirudi nyuma ya kamera na kusema neno lake lile lile kila siku: "Usipumue." Ukipumua, picha ikatikisika, alikupa vidonge vyako mbele ya benchi zima, hata ungekuwa nani. Picha iliyotikisika hakumpa mteja na wala hakuiweka. Aliichana.

Mapafu ndiyo yaliyomrudisha nyumbani. Yeye alisema ni zile dawa za kusafishia picha, alizozivuta miaka na miaka kwenye chumba cha giza. Daktari alisema maneno marefu zaidi, lakini mwisho wa maneno yote ulikuwa mmoja: aende mahali penye hewa safi, apumzike, na asitegemee mengi. Akaifunga studio, akaja kwenye nyumba ya wazazi wetu ambayo mimi sijawahi kuihama. Ina vyumba vitatu na baraza upande wa machweo. Nyuma kuna banda la kuku, mpera mmoja, kisha matete mpaka kijitoni.

Nilidhani amekuja kulala. Kumbe amekuja na kamera yake, lenzi zake na stendi yake ya miguu mitatu, na juma lile la kwanza alishapiga picha kila chenye mkia.

"Watu nimewapiga vya kutosha," aliniambia. "Sasa nataka wasiojua kujiwekea sura."

Alimpiga kenge akiota jua juu ya mfuniko wa kisima. Akawapiga ndege mnana wakigombania majani ya kujengea. Tumbili aliyekaa juu ya paa la banda langu na kujikuna bila adabu naye alipigwa. Hata nguchiro, mwizi wangu wa mayai wa mchana kweupe, dada alimpiga badala ya kunisaidia kumfukuza. Nilitoka jikoni na jiwe mkononi, nimeshajipanga kulirusha, nikamsikia nyuma yangu: "Usipumue." Basi nikasimama, mtu mzima mimi, mkono juu, pumzi nimeibana, mpaka kitufe kilipolia. Nguchiro akaenda zake na yai langu.

"Uliniambia mimi au yeye?" nilimuuliza.

"Wote wawili. Yeye ndiye mteja mzuri."

Mpenzi wake hasa alikuwa paka jike wa kijivu tuliyemwita Bi Mkubwa, kwa sababu aliingia humu ndani na kutugawia sehemu za kukaa. Alikaa mapajani kwa dada kutwa. Dada akikohoa, Bi Mkubwa alishuka, akangoja kikohozi kiishe, akapanda tena.

Mimi nilitaka picha moja tu. Nilitaka picha ya dada. Nilipoanza kumwona amekonda mabegani, nilitoa sanduku la picha za familia, nikazipitia zote mezani. Mama yupo, baba yupo, mdogo wetu wa kiume yupo tangu hana meno, na mimi nipo nimenuna kwenye kila moja. Dada hayupo hata kwenye moja. Ndiye aliyekuwa ameshika kamera. Nilijua kwamba akiondoka ataondoka mzima mzima, na mimi nitabaki na nyumba iliyojaa nguchiro.

"Na wewe nikupige moja," nilimwambia siku hiyo, akiwa anamenya viazi.

"Hapana."

"Moja tu."

Aliweka kisu chini. "Mdogo wangu, unajua ni wangapi walioletwa studio kwangu wakiwa hivi nilivyo mimi? Analetwa na watoto wake. Wamemvalisha vizuri. Mmoja anamchana nywele, mwingine anamfuta mdomo. Wanamwambia ni picha ya kitambulisho. Mimi naangalia tu, na ninajua, na wao wanajua kwamba ninajua. Baada ya muda mfupi wanarudi, wanataka ile ile ikuzwe, iwekwe kwenye fremu. Mimi sipigwi picha ya kuwekwa juu ya jeneza."

"Nani amesema habari za jeneza?"

"Macho yako."

Nilinyanyuka nikaenda kuwapa kuku maji, na kuku walikuwa na maji tele. Nililia nyuma ya banda, nimejiinamia, majogoo wananishangaa. Alikuwa amesema kweli na nilimchukia kwa hiyo kweli.

Kilichonisaidia ni mimba ya Bi Mkubwa. Watoto wake walipofumbua macho ndani ya kapu langu la mayai, tuliona kwamba hawakufanana na paka wowote wa jirani. Walikuwa na miguu mirefu, pete nyeusi mikiani, na hasira za kuzaliwa nazo. Dada aliwatazama kwa lenzi kubwa, akacheka.

"Baba yao ni paka pori," alisema. "Anatoka matete yale."

"Kwa hiyo tuna shemeji," nilisema.

Na jina likabaki hilo, Shemeji. Nyayo zake tulikuwa tunaziona kwenye tope la kijitoni, na wakati mwingine Bi Mkubwa alikaa ukingoni mwa uwanja akitazama matete bila kupepesa. Dada alishikwa na hamu ya kumpiga picha kwa namna iliyonitia wasiwasi. Alikwenda kukaa kule kwenye unyevu na kiti chake, akarudi midomo imegeuka rangi. Mara ya pili hakufika hata kwenye mpera. Nilimrudisha nimemshika kiunoni.

Alipopata pumzi ya kutosha, alisema, "Nipigie wewe."

"Mimi? Mimi na paka?"

"Nipigie Shemeji. Uso mzima, macho kwenye kamera. Ukinipa hiyo, nitakaa kwenye kiti unipige na mimi."

"Apa."

"Naapa kwa studio yangu."

Kiapo kikubwa zaidi ya hicho hakuwa nacho. Alidhani amenipa kazi isiyowezekana ili nimwache apumzike. Alisahau kwamba mimi ni mtu wa kumvizia kuku mtagaji mpaka nijue anakoficha mayai.

Alinifundisha hapo hapo barazani, yeye kwenye kiti na mimi nimeshika lile dude zito. Vuta pumzi, toa nusu, bana, bonyeza. Kidole kisiwe na haraka. Hakuna flashi, kwa sababu kumwashia mnyama flashi ni kumtukana. Nilipiga kibuyu, nikapiga mlango, nikapiga mguu wangu mwenyewe bila kukusudia. Kila picha aliitazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera na kuikunjia uso.

"Hiki ni nini?"

"Kibuyu."

"Hii si picha ya kibuyu. Umebonyeza huku unapumua. Hii ni picha ya pumzi. Futa."

Nilifuta. Nilifuta nyingi mno.

Siku moja nikajaribu kumpiga Bi Mkubwa akiwa amelala mapajani kwake. Niliweka jicho, nikatoa nusu ya pumzi, na kwa mazoea tu, bila kufikiri, nikasema, "Usipumue." Kitufe kikalia. Nilipoinua kichwa nilimwona dada ameganda, macho wazi, mdomo wazi kidogo, kifua hakiendi. Roho ilinipaa. Niliitupa kamera kwenye mto, nikamrukia, nikamshika mabega, "Pumua! Dada, pumua!"

Akaangua kicheko. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akalia machozi, na huku analia anacheka. "Umesema mwenyewe," alisema. "Mteja mzuri anatii."

Sikumsemesha mpaka jua lilipozama. Lakini utani ule aliupenda, akaufanya mchezo. Nikimletea dawa, anaganda. Nikimwita kula, anaganda. Mwanzoni nilikuwa nashtuka kila mara, baadaye nikazoea, nikawa namwambia, "Haya, ukimaliza kufa uji uko mezani," naye anacheka. Tulicheka sana siku zile. Nasema hivyo kwa sababu watu wakinipa pole hudhani tulikuwa tunakaa tunaombolezana.

Shemeji nilimvizia kila alasiri. Nilikaa nyuma ya mpera juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbu wananila, kamera kwenye goti. Nilijifunza mambo ambayo sikuwahi kuyaona kwenye uwanja niliozaliwa. Kinyonga hunywa umande kwenye jani. Mnana dume hubomolewa kiota na mke asiyekipenda, akaanza upya bila kunung'unika. Nilipokuwa narudi nilimsimulia dada haya yote, naye alinisikiliza macho yanang'aa, akasema, "Haya, na wewe umeanza kuona." Nilijibu kwamba nimeanza kuumwa mgongo.

Shemeji alitokea jioni moja mwanga ukiwa bado wa dhahabu. Matete yalifunguka bila sauti, naye akawa amesimama pale, mrefu, mwembamba, mistari miguuni. Alininusa. Nilivuta pumzi, nikatoa nusu, nikabana. Akageuza uso, akanitazama moja kwa moja, na sijawahi kutazamwa na kiumbe asiyetaka chochote kwangu namna ile. Nilibonyeza. Akaondoka.

Nilikimbia. Kuku walitawanyika, ndoo ikabingirika, nikaingia barazani napiga kelele kama mwendawazimu, "Nimempata! Shemeji huyu hapa!"

Dada alikishika kile kioo cha kamera kwa mikono miwili. Alitazama muda mrefu. Nilingoja aseme futa.

"Imetulia," alisema. Akanivuta kichwa, akaniweka bega kwa bega naye, tukamtazama Shemeji pamoja. "Kesho asubuhi. Hapa hapa barazani, kabla jua halijawa kali. Nipigie pasi ile blauzi ya zambarau."

Asubuhi niliamka nikamkuta ameshajipaka poda. Alivaa blauzi na hereni ndogo za mama, akatembea mwenyewe mpaka kwenye kiti, mkono ukutani. Alinitesa vizuri kabla ya kuridhika. Stendi isogezwe. Isogezwe tena. Ile ndoo nyuma yake itolewe, au nataka apigwe na ndoo? Kisha akaitaka kamera, akaipanga mwenyewe.

"Mwanga ni mdogo, kwa hiyo kasi nimeishusha, lenzi itakaa wazi muda mrefu kidogo. Kamera iko kwenye stendi, wewe huwezi kuitikisa. Atakayetikisika ni mimi." Akanirudishia kamera. "Kubana pumzi siku hizi si kazi ndogo. Nikitikisika, futa, tupige nyingine."

"Sawa, Bi Studio."

Bi Mkubwa akapanda mapajani. Nilitaka kumfukuza, dada akasema nimwache, anampa joto. Nikamwinua dada kidevu kwa kidole kimoja, kama alivyokuwa akiwafanyia watu maisha yake yote. Ngozi yake ilikuwa nyepesi. Alinitazama kwa macho ya utani, lakini alikuwa na haya pia, haya ya msichana, na mimi nilijua kwamba nampenda kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa nyumba ile. Sikumwambia. Nilirudi nyuma ya kamera.

"Usipumue."

Kitufe kililia polepole.

"Nyingine. Usipumue."

Safari hii alitulia vizuri zaidi. Nilijisemea moyoni, mteja ameanza kuzoea. Nikapiga ya tatu. Bi Mkubwa akainuka, akamnusa kidevu, akashuka chini, akakaa kwenye ngazi akitupa mgongo.

"Ona, umeharibu picha," nilimfokea paka. Nikapiga ya nne bila yeye. "Haya, Dada, pumua."

Hakupumua. Macho wazi, kidevu pale pale nilipokiweka.

"Acha utani. Leo sishtuki."

Kimya.

"Haya, ukimaliza kufa, naenda kuchemsha chai."

Nikaingia jikoni. Nilijaza birika, nikawasha moto, nikatafuta vile vikombe viwili visivyo na ufa kwa sababu ilikuwa siku kubwa kwetu. Nilikuwa nimefurahi. Hata niliimba. Maji yalichemka, nikaweka majani, nikachuja, nikatoka na vikombe mkononi.

Dada alikuwa vile vile. Utani wake haukuwahi kudumu mpaka maji yachemke.

"Pumua, Dada," nilisema. Nilisema taratibu kwanza, kwa heshima. Kisha vikombe vilianguka na nikawa nimemshika mabega, nampigia kelele, pumua, pumua, imetosha, nimeshapiga, pumua. Kuku wote walinyamaza bandani.

Muuguzi wa zahanati alifika na baiskeli yake. Alimfumba macho, akanikalisha chini, akaniambia moyo ulisimama ghafla na kwamba hata yeye angekuwa amesimama pale barazani na mkoba wake, asingeweza kitu. Aliyarudia maneno hayo mara nyingi, kwa upole. Namwamini. Haipunguzi kitu.

Mdogo wetu wa kiume alikuja kutoka mjini siku hiyo hiyo. Alilia, akajikaza, akaanza kushughulika kama wanaume wanavyofanya wakiumia. Akaulizia picha.

"Dada Mkubwa hakuwa na picha hata moja," alisema. "Tutafanyaje?"

Nikampa kamera. Alizipitia zile nne akiwa amekaa kwenye kiti kile kile, na uso wake ukafunguka.

"Lo! Amependeza. Nachukua hii ya mwisho. Imetulia kabisa, angalia, mpaka nyuzi za blauzi zinaonekana. Hata hii ya pili na ya tatu ni nzuri. Hii ya kwanza tu ndiyo imetikisika."

Nilimnyang'anya kamera. Kwenye ile ya kwanza ukuta ulikuwa umetulia. Misumari ya kiti ilikuwa imetulia, na ufa wa dirisha pia. Kilichotikisika ni dada peke yake: kola, mabega, kidevu, na hereni iliyoacha mstari mdogo wa mwanga. Na Bi Mkubwa alitikisika naye, aliyeinuliwa na tumbo la dada likipumua. Nikaitazama ya pili. Hakuna kilichotikisika. Paka alikuwa amesimamisha masikio, anamtazama usoni. Niliziweka zile tatu kichwani mwangu, zilivyotulia, na nikaelewa nilikuwa nampiga nani.

Sikuweza kulia. Nilikaa chini sakafuni, miguu nimeinyoosha, kamera kifuani.

"Weka hii ya kwanza," nilimwambia.

"Dada, hii ni mbovu. Yeye mwenyewe asingeikubali. Unamjua, angesema futa."

"Najua."

"Sasa?"

"Hii ni picha ya pumzi," nilisema. "Ndiyo pekee niliyo nayo."

Alinitazama bila kuelewa. Kisha akaitazama tena picha, akaitazama ile ya mwisho, na nikamwona anaelewa. Aliziba mdomo kwa mkono. Zile tatu nilizifuta mwenyewe, moja baada ya nyingine, na kidole changu hakikuwa na haraka.

Sasa iko ukutani kwangu, kubwa, karibu na ya Shemeji. Wageni wanaisifu ya Shemeji, wanasema imepigwa na mtu anayejua kazi. Kwa ile ya dada wanakaza macho, wanauliza kwa adabu kama sikupata iliyo safi kidogo. Nawaambia hakukuwa na nyingine. Bi Mkubwa bado yupo. Amehamia kwangu, hakuniuliza, na mimi bado sipendi paka, ila nimekiondoa kiti changu kwenye upepo kwa ajili yake.

Kila asubuhi nikitoka bandani na kapu la mayai, nasimama mbele ya ukuta ule. Mwanga wa saa hizo ni mdogo, na katika mwanga mdogo yale mabega yanaonekana kama bado yanapanda na kushuka. Namwambia, pumua tu, Dada. Pumua unavyotaka.